Zinki, Kutu na Uchovu wa Chuma

Mwaka 1837 zilitokea Ulaya ilimu mbili zilizokihusu chuma, kila moja ikashika njia yake pasi na kuijua nyenziwe. Katika Ufaransa, Stanislas Sorel alipata hataza ya kukihifadhi chuma kwa kukizamisha ndani ya zinki iliyoyeyushwa; na katika milima ya Harz, Ujerumani, Wilhelm Albert, afisa wa migodi ya Clausthal, alitangaza matokeo ya majaribio yake ya minyororo ya kupandishia madini, ambayo aliivuta na kuilegeza tena na tena, hata ikakatika kwa mzigo ambao ingaliubeba bila taabu lau ungalitundikwa mara moja tu.

Ilimu ya Sorel ilienea upesi, kwa kuwa faida yake ilionekana kwa macho. Fundi hukiosha chuma kwa asidi, kisha hukitosa katika zinki yenye joto la takriban nyuzi 450. Na hapo zinki haikai juu kama rangi, bali huungana na chuma, yakafanyika matabaka ya mchanganyiko wa madini hayo mawili, magumu na yenye kuvunjika upesi, ambayo juu yake hutanda zinki tupu. Pakikwaruzwa, zinki iliyo jirani huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Ndiyo asili ya mabati yanayozisitiri nyumba zetu za pwani, ambako hewa ya chumvi haikiachii chuma kitupu muda mrefu.

Ama ilimu ya Albert, haikusikilizwa mpaka mauti yalipoisemea. Tarehe 8 Mei 1842, katika njia ya reli itokayo Versailles kwenda Paris, ekseli ya injini ilikatika, mabehewa yakashika moto hali milango yake imefungwa kwa nje, wakaangamia watu zaidi ya 50. Miaka ikapita, naye August Wöhler, mhandisi wa reli katika Prussia, akaunda mashine za kuzungusha ekseli chini ya mzigo, akaihesabu mizunguko kwa subira kubwa, na ilipofika mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba kinachokichosha chuma si uzito peke yake, bali ni kupanda na kushuka kwa uzito huo kusikokoma. Na kwamba upo mpaka ambao, mzigo usipouvuka, chuma hustahimili mizunguko isiyo na idadi.

Karne ya 20 ikadhihirisha kuwa mpaka huo hauna itibari penye maji ya chumvi, kwani kutu huchimba vishimo, na kila kishimo huwa mlango wa ufa. Hapo zinki hukiauni chuma sana. Ilhali pakavu, yale matabaka magumu huweza kupasuka yenyewe, nyufa zikapenya chini, na nguvu ya chuma ya kuhimili uchovu ikapungua kwa kiasi.

Mji ulioilipia ilimu hii kwa gharama kubwa ni Darwin, kaskazini mwa Australia. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1974, kimbunga Tracy kiliushukia kwa upepo uliofika kilomita 217 kwa saa kabla ya chombo cha kuupimia kuharibika, wakafa watu 66, na sehemu kubwa ya nyumba ikabomoka. Nyingi ziliezekwa kwa mabati membamba ya chuma chenye nguvu, yaliyokuwa yamepimwa kwa mzigo usiobadilika. Lakini upepo ule ulilinyanyua bati na kuliachia kwa saa kadhaa, ufa mwembamba ukaanza pembezoni mwa tundu la skrubu, ukatambaa, hatimaye bati likachomoka na kukiacha kichwa cha skrubu mahali pake; mzigo wake ukaiangukia skrubu ya pili, kisha ya tatu, hata paa zima likaondoka, na kuta zilizokuwa zikishikwa na paa hilo zikaanguka. Zinki ilikuwa imeitimiza kazi yake yote, maana kutu haikuwa na lawama.

Baada ya msiba huo wahandisi wakaamuru mabati ya mji huo yajaribiwe kwa kuvutwa na kuachiwa mara 10,000. Amri hiyo ni haki ya kila aishiye chini ya bati au juu ya ekseli: fundi asiridhike kwa kuuona mng'ao wa zinki, bali aulize pia chuma kilicho chini yake kitatikiswa mara ngapi, na tikiso hilo litaanzisha ufa wapi.