Mashine ya umeme ya kukata nyasi: Kinachoiua mapema na namna ya kuitunza

Haina plagi, haina kabureta, haina oili ya injini. Ndiyo maana wengi wanaonunua mashine ndogo ya umeme ya kukata nyasi, ile unayoikalia na kuiendesha kama trekta, hudhani haitaki matunzo. Miaka miwili mbele inazima katikati ya uwanja, fundi anatoa jibu moja tu: betri zimekufa, nunua zote upya.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa trekta la bustani la umeme, Elec-Trak, tangu 1969. Leo California inataka mashine mpya za nyasi, kuanzia toleo la 2024, zisitoe moshi kabisa.

Betri kwanza

Nyingi za bei nafuu zina betri nne za asidi za volti 12, jumla volti 48. Adui yao mkubwa ni kukaa bila chaji. Ukimaliza kukata, chomeka hapohapo, hata kama umetumia nusu saa tu. Ikiachwa chini, chembe ngumu hujijenga kwenye sahani za risasi na betri haijai tena kama zamani. Kuikamua hadi mwisho kila wiki nako kunaipunguzia maisha.

Kama ni aina inayofunguliwa, ongeza maji ya betri yale safi, siyo asidi wala ya bombani, na uongeze baada ya kuchaji. Zinapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo chajia penye hewa, sigara mbali. Spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja ni cheche na kuungua.

Kwa wanaoishi kwenye baridi kali: betri ya asidi isiyo na chaji huganda na kupasuka, hivyo ijaze kabla ya msimu. Ya lithiamu ni kinyume, ihifadhi ikiwa nusu, na usiichaji chini ya nyuzi 0.

Kisu butu kinakula chaji

Ncha za nyasi zikionekana zimechanika na kugeuka kahawia, kisu kimeisha makali. Mota inalazimika kuvuta umeme mwingi zaidi. Kinoe kwa tupa, kisha kining'inize kwenye msumari. Upande unaoshuka ndio mzito, upunguze. Kisu kisicholingana kinatetemesha mashine na kuharibu beringi.

Hapa ndipo watu huumia. Mashine ya petroli ikiwaka unaisikia, hii imekaa kimya. Chomoa ufunguo kabla ya kuingiza mkono chini, kila mara.

Usioshe kwa maji ya presha, brashi inatosha. Nyasi mbichi zenye umande ziache zikauke. Mteremko wa zaidi ya nyuzi 15 usipande, na kwenye mteremko nenda juu na chini, siyo kukatiza. Mtoto mapajani? Hapana.

Ukinunua iliyotumika

Usidanganywe na rangi inayong'aa. Uliza umri wa betri, kisha pima kila moja ikiwa imepumzika saa kadhaa baada ya chaji: nzima ya asidi husoma karibu volti 12.7. Moja ikisoma 12 wakati wenzake wako juu, shusha bei au ondoka, maana hizo hubadilishwa zote kwa pamoja.