ILE HARUFU YA DAKTARI WA MENO NI KARAFUU, NA HISTORIA YAKE INAPITA PANGANI

Ukikaa kwenye kiti cha daktari wa meno kuna harufu inakupiga puani hata kabla hujafungua mdomo. Wengi wanadhani ni dawa ya Kizungu. Kumbe ni karafuu bana!

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kinaitwa eujenoli. Inaua vijidudu na inatia ganzi. Madaktari wanaichanganya na unga wa zinki oksaidi kuziba jino kwa muda. Imo pia kwenye baadhi ya dawa za kusukutua, sabuni na manukato. Bibi wa Tanga alishajua zamani: jino likiuma, bana punje ya karafuu. Na singo ya bi harusi inataka karafuu.

Sasa twende kwenye historia.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, mikarafuu mingi ikang'oka. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na kila tajiri akataka shamba Pemba. Lakini karafuu haijichumi. Mtu lazima apande juu ya mti, achume matumba kabla hayajachanua, kisha yachambuliwe na kuanikwa juani.

Watu watoke wapi? Juni 1873 Sultan Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alisaini mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa baharini. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwenye karatasi, mambo yamekwisha.

Ila Pangani na Pemba zinatazamana. Jahazi likipata upepo mzuri, linaondoka jioni na kufika kabla watu hawajaamka. Basi biashara ikageuka magendo. Watu waliokamatwa bara waliteremshwa hadi pwani, wakavushwa kwa kificho kwenda kwenye mikarafuu. Yaani mkataba ulikuja wakati uleule Pemba ina njaa ya wafanyakazi.

Wengi wakifika walipewa majina mapya: Baraka, Mabruki, Feruzi. Jina alilopewa na mama yake likafia njiani. Ndiyo maana leo jina la Sultani tunalijua, la Mwingereza tunalijua, lakini wengi wa waliopanda juu ya mikarafuu hatuwajui. Wengi wao walihesabiwa tu kama mali.

Sheria ya kufuta utumwa Unguja na Pemba ilitoka 1897. Hesabu mwenyewe: miaka 24 baada ya ule mkataba.

Karafuu haina kosa, iendelee kutibu meno na kupendezesha maharusi. Ila ukisikia harufu yake, ujue kuna watu nyuma yake, na wengine huenda ni damu yako.

Wadau wa Pangani, Tanga mjini na Pemba, kwenu wazee wanasimuliaje? Kuna jina la babu au bibi lililobaki? Liandike hapo chini kwenye komenti, angalau mmoja zaidi ajulikane.