Mgonjwa Anapopaliwa: Jinsi Simu Inavyomsaidia Mlezi wa Nyumbani

Mama yangu alipopata kiharusi, tuliruhusiwa kutoka hospitalini na dawa pamoja na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyetueleza namna ya kumlisha. Siku ya tatu, hapa Lamu, alipaliwa na maji, akakohoa mpaka akaishiwa na nguvu. Mtaalamu wa kumeza tuliyempata yuko Mombasa: uvuke kwa mashua hadi Mokowe, kisha upande basi kwa saa kadhaa. Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa wima, hiyo si safari ya kila wiki. Tukategemea simu.

Kwa nini hupaliwa
Tunapomeza, njia ya hewa hujifunga. Kiharusi, ugonjwa wa Parkinson au saratani ya koo huweza kuvuruga kazi hiyo. Chakula, kinywaji au mate yakiingia mapafuni, yanaweza kuleta nimonia. Mara nyingi maji na chai huwa hatari kuliko uji mzito, kwa sababu hukimbia kabla koo halijawa tayari.

Cha kumtumia mtaalamu
Kwanza mwombe mgonjwa ruhusa. Kisha rekodi video fupi, penye mwanga, ukiwa ubavuni mwake ili mdomo na shingo vionekane. Onyesha pia kikombe, kijiko na chakula chenyewe. Akishameza, aseme "aaa": sauti ikiwa ya majimaji, ni dalili ya kuripoti. Andika mlo ulichukua muda gani, alikohoa mara ngapi, na kama ana homa au anapungua uzito.

Video yetu ya kwanza ilifichua makosa matatu: Mama alikuwa ameegemea mito, kichwa kimelala nyuma, na kijiko kilikuwa kikubwa. Sasa hukaa wima, hula kidogo kidogo, na hubaki ameketi nusu saa baada ya kula. Kinywa tunakisafisha kila siku, kwani vijidudu vya kinywani vikishuka mapafuni huleta maradhi.

Kupima uzito wa kinywaji
Mtaalamu akitaja ngazi ya IDDSI, kipimo cha kimataifa cha 0 hadi 7, vinywaji unaweza kuvipima jikoni. Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, ambalo kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5. Ziba tundu kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10. Ikibaki chini ya mililita 1 ni ngazi 0. Kati ya 1 na 4 ni ngazi 1. Kati ya 4 na 8 ni ngazi 2. Ikizidi 8 lakini bado inatiririka ni ngazi 3. Usianze kumpa vinywaji vizito bila ushauri. Si kila mgonjwa humfaa.

Jamaa na wageni
Kwetu mgonjwa hutembelewa, na mgeni mwenye huruma humnywesha maji. Nilipowakataza, nilionekana mchoyo. Nikamwomba mtaalamu anirekodie ujumbe wa sauti. Siku hizi shangazi akija, namchezea kwanza. Amesikia, na yeye ndiye anayewakanya wengine.

Mpaka wa simu
Simu haioni ndani ya koo. Wapo wagonjwa ambao chakula huwaingia mapafuni bila kukohoa, na hao huenda wakahitaji picha maalumu za eksirei wakiwa wanameza. Ukiona anashindwa kupumua, midomo inageuka rangi, ana homa au anahema haraka, usingoje kujibiwa ujumbe. Mkimbize hospitalini.

Ndugu msomaji, kabla ya kumtoa mgonjwa wako wodini, uliza maswali matatu: ale nini, akae vipi, na akipaliwa usiku nimpigie nani? Usiondoke bila nambari ya simu.