Mkoba wa Mtunzi wa Michezo

Mwaka jana kijana niliyemfundisha zamani alinijia nyumbani hapa Mamboya, ngamizi mgongoni. Alipokwisha kuniamkia, alinieleza kwamba anataka kutunga hadithi za michezo ya video, na kwamba kila anakoomba kazi huulizwa mkoba wake, yaani sampuli za kazi alizokwisha kuziandika. Alitaka nimsaidie kuujaza.

Nilimkumbuka vema, nikaona haya. Alipokuwa kidato cha pili aliandika insha yenye miisho miwili: Sungura akimfuata mjomba wake Fisi ng'ambo ya mto, hadithi iende hivi, akikataa, iende vile. Nilimpa sifuri. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Amua!"

Laiti ningalijua historia ya fani hiyo. Mwaka 1976 Mmarekani Will Crowther, mtaalamu wa programu na mpenzi wa kutembelea mapango, alitunga mchezo wa pangoni usio na picha hata moja. Mwaka uliofuata Don Woods akaupanua. Mchezaji aliandika neno, mashine ikamjibu, naye akachagua njia. Anayetega na anayeteguliwa kitendawili wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu enzi: ukishindwa, toa mji. Na mwaka 2009 Chris Klimas alitoa Twine, programu ya bure ambayo kwayo mtu yeyote huweza kutunga hadithi ya matawi pasipo kujua lugha za ngamizi.

Suala la mkoba nalo si geni kwetu. Shaaban Robert, aliyeanza ukarani wa forodha mwaka 1926, alijulikana kwanza kwa tungo zake katika Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa mwaka 1923. Kurasa hizo ndizo zilizokuwa mkoba wake, kabla ya vitabu.

Hapa Mamboya penyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, mmisionari Joseph Last alikusanya maneno. Orodha yake ya lugha nyingi za Afrika ya Mashariki ilitoka mwaka 1885, na sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Baadaye, kuanzia mwaka 1957, mwanaanthropolojia Thomas Beidelman aliishi miongoni mwa Wakaguru akanakili ngano zao. Mwaka 1961 alichapisha makala juu ya Fisi na Sungura, akizisoma kama habari za mjomba na mpwa katika jamii inayofuata ukoo wa mama. Yaani hadithi niliyoipa sifuri ilikuwa imekwisha kujadiliwa na wataalamu Ulaya. (Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na sikuwa nimeisoma.)

Basi tulikaa barazani siku tatu. Kijana alikuwa na riwaya kubwa ya kurasa mia mbili, haijakwisha. Nilimshauri aiweke kando. Anayepima mkoba hana muda. Afadhali hadithi tatu fupi zilizokamilika, kila moja ichezeke kwa dakika kumi. Halafu tukaingia katika lililo gumu zaidi, maneno ya watu wadogo wa mchezo: mlinzi wa lango, muuza chumvi, bibi kisimani. Hawa husema mstari mmoja tu, na mchezaji atausikia mara ishirini. Mstari huo lazima uwe na uzani kama kipande cha shairi, la sivyo utachusha. Tulifuta mno. Mlinzi wake alikuwa akihutubia kama mkuu wa wilaya. Tulipomaliza alibaki na maneno matano.

Nilimsisitiza pia aandike kwa Kiswahili kwanza, tafsiri ifuate. Hapo tulibishana, kwani waajiri wake hawakijui. Alikubali kwa hadithi moja.

Niliuliza lilipo daftari la kidato cha pili. Halipo, mama yake alifungia maandazi kurasa zake. Hata hivyo insha ile ameiandika upya katika Twine, na sasa ina miisho minne. Nimeicheza mara mbili, na mara zote mbili Fisi amenila.