Uchunguzi wa mapema wa saratani ya mlango wa kizazi: Arusha na ukanda wa Meru

Uchunguzi huu ni upimaji wa mwanamke asiye na dalili yoyote, ili mabadiliko ya chembe yaonekane na kuondolewa kabla hayajawa saratani. Karibu saratani zote za aina hii husababishwa na virusi vya papiloma (HPV). Ugunduzi wa uhusiano huo ulimpatia Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kinga ikiwa dhaifu, hasa kwa VVU visivyotibiwa, 5 hadi 10. Mwaka 2020 Tanzania ilikadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000.

Siki na simu

Kipimo kilichozoeleka ni cha siki. Muuguzi hupaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 kwa pamba, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama limetokea baka jeupe. Majibu ni papo hapo, ila yanategemea jicho la mpimaji. Katika mkoa jirani wa Kilimanjaro ilijaribiwa njia ya kulisaidia jicho hilo: muuguzi hupiga picha kwa simu janja, na mtaalamu aliye mbali hutoa maoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Kipimo cha vinasaba

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani hupendekeza kutafuta vinasaba vya HPV kama kipimo cha kwanza. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Mashine ya GeneXpert, inayojulikana zaidi kwa kifua kikuu, hutoa majibu kwa takriban saa moja.

Tiba ya siku hiyohiyo

Tiba mgando, yaani kugandisha chembe zilizobadilika, huhitaji mtungi wa gesi. Kifaa kipya cha kuunguza chembe hizo kwa joto hushikwa mkononi, hutumia betri na humaliza kazi kwa chini ya dakika moja. Kwa mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, kuambiwa “rudi wiki ijayo” hospitali ya mkoa mjini Arusha ni nauli ya pili na siku nyingine ya shamba iliyopotea; wengi hawarudi. Ndiyo maana kipimo cha haraka bila tiba iliyo karibu ni kazi nusu.

Kukutwa na kirusi si kukutwa na saratani: mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Shirika la Afya Duniani hupendekeza uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, na 25 kwa wanaoishi na VVU.