Ufa wa Mwaka 1909 na Mpaka wa Mwaka 1947

Hekalu linapoadhimisha miaka yake, huwakumbuka waliolijenga. Wengi wa wazee wetu walifika Afrika Mashariki kutoka Gujarat, Kachchh na Punjab, na mwaka 1947 walio huku walipokea habari mbili kwa pamoja: India imepata uhuru, na India imekatwa. Tumeona vema kusimulia katika toleo hili jinsi Wahindu na Waislamu walivyofikia hapo, kwa kuwa vijana wetu huisikia habari hiyo vipande vipande, na kila kipande huwa na mkosaji mmoja tu.

Ugomvi kati ya jirani na jirani ulikuwapo kabla ya hapo: juu ya maandamano ya sikukuu, ngoma mbele ya misikiti, kuchinjwa kwa ng'ombe. Lakini ugomvi wa namna hiyo ulianza na kwisha mtaani. Mwaka 1909 serikali ya Kiingereza ilipitisha sheria iliyowapa Waislamu viti vyao na wapiga kura wao peke yao. Viongozi wengi wa Kiislamu waliiomba kinga hiyo wakihofia kumezwa na walio wengi, na hofu yao haikuwa ya kubuni. Hata hivyo, tangu siku ile mgombea hakuhitaji tena kura ya jirani wa dini nyingine, na asiyehitaji kura ya mtu hana sababu ya kusema naye kwa upole.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nafasi za kuuziba zilipatikana. Mwaka 1916 chama cha Congress na Muslim League vilipatana mjini Lucknow, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wahindu na Waislamu walisimama pamoja katika harakati za Khilafat. Mapatano hayo hayakudumu. Baada ya uchaguzi wa 1937 Congress iliunda serikali katika majimbo mengi bila kuishirikisha League, nayo League ikawaambia wafuasi wake kwamba hivyo ndivyo utawala wa walio wengi utakavyokuwa. Machi 1940, mjini Lahore, ilidai nchi huru kwa sehemu zenye Waislamu wengi. Katika uchaguzi wa 1945 ilishinda viti vyote 30 vya Waislamu katika Bunge la kati, ingawa ni sehemu ndogo tu ya watu wazima waliokuwa na haki ya kupiga kura.

Mazungumzo ya 1946 yalipovunjika, League iliitangaza tarehe 16 Agosti kuwa siku ya kudai Pakistan kwa vitendo. Mjini Calcutta maelfu waliuawa kwa siku chache, Wahindu na Waislamu. Oktoba, huko Noakhali, Wahindu walishambuliwa vijijini mwao. Punde, katika jimbo la Bihar, Waislamu waliuawa kwa wingi na Wahindu waliodai kulipiza kisasi cha Noakhali. Machi 1947 moto ukaingia Punjab, ukawakumba na Masingasinga. Anayeitaja Noakhali akainyamazia Bihar, au akafanya kinyume chake, hasimulii historia. Anatafuta kuni za moto mwingine.

Mahatma Gandhi hakuchagua msiba mmoja. Alitembea kwa miguu kijiji kwa kijiji katika Noakhali kuwatia moyo Wahindu, kisha akaenda Bihar kuwalilia Waislamu. Wakati huo Waingereza walikuwa na haraka ya kuondoka. Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwahi kufika India, alipewa takriban majuma matano kuchora mpaka wa Punjab na Bengal, na mpaka wenyewe ukatangazwa tarehe 17 Agosti, uhuru ukiwa umekwisha kupatikana. Watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao, na waliokufa ni mamia ya maelfu. Septemba, Gandhi alifunga chakula mjini Calcutta hadi viongozi wa pande zote walipoahidi kuulinda mji. Tarehe 30 Januari 1948 aliuawa mjini Delhi na Mhindu mwenzake aliyemwona ni mtetezi wa Waislamu.

Na huku kwetu? Ufa ule ulivuka bahari. Katika uchaguzi wa 1952 nchini Kenya, wapiga kura wa Kiasia waligawanywa katika madaftari mawili, la Waislamu na la wasio Waislamu, ilhali maduka yao yalikuwa barabara moja.

Tunawaachia vijana wetu habari hii ikiwa nzima, pamoja na sehemu zake zinazotuuma sisi Wahindu. Ukuta wa 1947 haukujengwa na chuki ya kale pekee. Ulijengwa pia na sheria, na hesabu za kura, na hofu ambayo hakuna aliyeituliza kwa wakati wake. Jirani yetu akiwa na hofu, na tumwendee mapema.