Kikolezo, si Upanuzi

Karatasi ya kanuni iliyonifikia hapa Mbinga mjini, imekunjwa ndani ya pakiti ya karata, ina kichwa hiki: "Upanuzi kwa Ajili ya Hesabu Ndogo ya Wachezaji". Mchezo wenyewe ni mzuri: vita vya majini na ngome, wa haraka, wenye kutaka akili. Aliyefasiri kanuni zake ni mchezaji, na hilo linaonekana. Lakini kichwa hicho kimeniudhi, na kiliniudhi zaidi nilipoambiwa kwamba neno upanuzi limetoka katika orodha ya istilahi ya kamati iliyokaa, ikajadili, ikapitisha.

Kupanua ni kuongeza upana. Hupanuliwa barabara, hupanuliwa bandari, hupanuliwa shamba la kahawa. Kifurushi hiki cha karata kinafanya nini? Kinauchukua mchezo wa watu wanne na kuufanya uchezeke na wawili. Wachezaji wanapungua, muda unapungua, baadhi ya karata za awali zinawekwa kando. Mchezo unabanwa, na kwa kubanwa huko unakuwa mkali. Anayeuita huo upanuzi anasema kinyume cha kinachotendeka mezani.

Haja ya kifurushi cha namna hii inajulikana vizuri Mbamba Bay. Jioni mitumbwi hutoka na taa kufuata usipa, na meza iliyokuwa na wanne inabaki na wawili: kijana mwenye kibanda na fundi wa nyavu. Karata zimelegea kwa unyevu wa ziwa, na ree ya kopa imekatika pembe, kila mtu anaijua hata ikiwa imefunikwa. Wanagawa kama kawaida, mikono minne, miwili ikiwa haina mwenyewe. Baada ya raundi chache kijana anazikusanya karata: "Kaka, huu haukolei."

Haukolei. Neno lilikuwa pale kinywani mwa mchezaji, na hakuna mwanakamati aliyelisikia.

Kukolea ni kufikia kiwango kinachostahili. Chumvi hukolea, rangi hukolea kitambaani, moto hukolea, ngoma hukolea, mapenzi hukolea. Katika hayo yote hakuna hata kimoja kinachoongezeka upana. Kinachoongezeka ni nguvu ya kile kilichokuwapo. Kutoka kolea tunapata koleza, kama tulia inavyozaa tuliza, na kutoka koleza tunapata kikolezo, sawasawa na kitulizo. Hapa sijabuni mzizi wala kiambishi, na neno lenyewe limo midomoni mwa watu tangu zamani. Nimelipa kazi moja zaidi tu: kikolezo ni kifurushi cha karata kinachotiwa katika mchezo uliopo ili ukolee kwa idadi fulani ya wachezaji.

Wapo waliopendekeza nyongeza. Nyongeza ni ya mshahara na ya muda wa mpira. Haisemi lolote juu ya ladha ya mchezo. Mwingine, mtu ninayemheshimu katika mambo mengine, ameshikilia kiendelezi. Kiendelezi kimeshachukuliwa na watu wa kompyuta, na tena mchezo hauendelezwi hapa: unaanza upya na kuisha mapema.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba kikolezo ni neno la jikoni. Wenye kusema hivyo wautazame mchezo wa bao. Mtaji ni neno la biashara, nyumba ni neno la makazi, kichwa ni kiungo cha mwili. Wachezaji waliyatwaa yote wakayapa kazi juu ya ubao wa mashimo 32 na kete 64, na hadi leo hakuna anayechanganyikiwa. Karata nazo zina historia ndefu ya kutwaa maneno ya wengine. Kopa, uru, pau na shupaza ni copas, ouros, paus na espadas za Wareno, na turufu ni trunfo yao. Ngome ya Mombasa iliwatoka mwaka 1698, majina ya karata yakabaki, yakalainishwa na ndimi za pwani mpaka yakawa yetu. Unguja wana wahedi wa sitini, mchezo ambao jina lake la Kiarabu ndilo kanuni ya ushindi: pointi 61 kati ya 120. Watu wa mezani walitaja mambo kwa usahihi bila kungoja kikao.

Hata huko ng'ambo ushahidi uko upande wangu. Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield wa mwaka 1993, ulipata kikolezo chake cha kwanza Desemba ya mwaka huohuo, kiitwacho Arabian Nights. Kilichota kutoka Alfu Lela Ulela tunayoifahamu sote: taa ya Aladini, Ali Baba, majini na maafriti. Mchezo ulikuwa wa watu wawili hasa, na baada ya karata hizo bado ulikuwa wa wawili. Kilichobadilika ni ukali wa mapambano. Sioni upana wowote uliopanuliwa hapo.

Kuhusu matumizi: kikolezo kimoja, vikolezo viwili, karata za kikolezo, kuukoleza mchezo. Kichwa cha karatasi ile kiwe "Kikolezo cha Wachezaji Wawili", na "hesabu ndogo ya wachezaji" ifutwe kabisa, kwa kuwa Kiswahili kina neno "wachache". Pendekezo hili nililipeleka kwa kamati kwa maandishi, likapokewa, halikujibiwa. Orodha ile ikichapishwa tena na upanuzi ukiwa mahali pake, wahusika wajue kwamba walikwisha kuambiwa.